Viboko Waliokatazwa Kunya

Usiku wa jana niliota, na ndotoni niliingia nikiwa nimeshakasirika. Hakuna aliyenikasirisha huko. Hasira nilikwenda nayo kutoka mkutanoni, nikalala nayo, ikaingia pamoja nami.

Mimi ni Mama Luseko. Nabanika samaki hapa kijijini, ukingoni mwa mto Lyandola, na wanawake wenzangu walionichagua niongoze kikundi chetu wanasema mdomo wangu hauna kifuniko. Wiki hii chanja zangu ziko tupu. Mto ulikuwa umekauka ukabaki mkanda wa maji tu, kisha siku moja maji yakaja ghafla, meusi, yananuka, na sisi tukapiga vigelegele kwamba mto umerudi. Kesho yake samaki wote wakaelea. Perege, ningu, hata wale wadogo wasiofaa kuliwa, wote matumbo juu.

Wa kulaumiwa alijulikana hapohapo. Juu kidogo ya kijiji kuna dimbwi la viboko, na viboko wanakunya humo mchana kutwa. Jana mkutanoni Mwenyekiti Kikoti alisema tuwaombe askari wa wanyamapori waje wawapige risasi, na leo asubuhi tukutane tena tunyooshe mikono kukubali. Mtu mmoja akauliza maji ya mto siku hizi yanakwenda wapi. Mwenyekiti akasema ni ukame, huko juu hakuna kitu, ni mapori tu. Mimi nikasimama nikapiga kelele kuliko wote: "Wapigwe! Hata yule mwenye mtoto apigwe!" Kikundi changu kikaitikia, maana nikinyoosha mkono mimi, na wao wananyoosha. Nikarudi nyumbani nikalala bila kula.

Basi naota niko jikoni, nakwangua chanja kwa kisu. Mtu anabisha hodi. Nasema karibu kwa mazoea tu, na anaingia kiboko.

Anaingia kwa ubavu, maana mlango wangu ni mwembamba, na anauomba mlango radhi. Mlango unasema si kitu. Anakaa kwenye kigoda changu. Kigoda hakivunjiki, kinasema tu, "Dada, umenenepa."

"Sijanenepa," anasema kiboko. "Nimebana."

"Umebana nini?" nikamuuliza.

"Haja." Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Mama Luseko, tumesoma kibao."

Kibao nakijua. Kiliwekwa na kamati ya afya mwaka ule wa kipindupindu, pale tunapochota maji. Kimeandikwa kwa rangi nyekundu: NI MARUFUKU KUJISAIDIA MTONI. Watu wanaanikia nguo juu yake.

"Miaka yote hiyo hamkukiona?"

"Maji yalikuwa marefu, tulikuwa tunapita kwa chini. Sasa maji yako magotini, tunakiona vizuri. Sisi si wahuni. Tangu tulipokisoma hakuna kiboko aliyekunya Lyandola, na hatakunya tena."

Nilifurahi, lakini kwa ile furaha ya mtu anayetafuta ugomvi. "Mmechelewa," nikamwambia. "Mmenimalizia samaki, mmenimalizia kazi. Kunyeni hukohuko malishoni mnakokula."

Akanitazama kwa upole, na upole huo ukanikera zaidi. "Tukinya kulekule, nyasi zitabaki kulekule. Nani atazipeleka mtoni? Nyasi hazina miguu."

"Mto unataka nyasi za nini? Mto ni ng'ombe?"

"Utaona," akasema, na jiko langu likawa mto.

Nasimama katikati ya Lyandola, maji yananifika kiunoni. Ni safi. Naona kila kokoto, naona kucha zangu. Hakuna harufu, hakuna utelezi kwenye mawe, hakuna hata mbu. Napiga makofi kwa kuridhika, na makofi yanasikika hadi ng'ambo kwa sababu hakuna kitu kingine kinachotoa sauti.

Kisha samaki wanakuja. Wamejipanga foleni, kila mmoja na sahani yake ya bati. Aliyetangulia ni perege mkubwa ambaye zamani alikuwa mnene. Sasa ngozi inamning'inia kama shati la kuazima.

"Shikamoo, Mama Luseko."

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Chakula. Tumeambiwa wewe ndiye uliyefunga jiko."

"Sijafunga jiko la mtu mimi."

"Sisi tulikuwa tunakula wadudu wa kwenye matope," akasema perege. "Wadudu wamehama, wanasema wamekosa chakula. Tukawauliza, kwani mlikuwa mkila nini? Wakaona haya kutuambia."

"Hapa hakuna mtoto. Sema."

Perege akashusha sauti. "Mavi ya kiboko, mama."

Foleni nzima ikainamisha vichwa. Mimi damu ikanipanda. "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikibanika nini? Nimewalisha watu nini mimi?"

"Nyasi," akasema perege. "Zimepitia mikono mingi tu."

Hapohapo nikasikia nyundo ndogo sana zikigonga karibu na visigino vyangu. Nilitazama chini nisione kitu. Sauti zilikuwa nyingi, nyembamba, na zote zilisema kwa pamoja kwamba wao ni mafundi.

"Mafundi gani? Siwaoni."

"Hutuoni, lakini tumewahi kukuangusha. Ule utelezi wa kwenye mawe ndio sisi, mwani mdogo usioonekana kwa macho. Kila mmoja wetu hujenga nyumba ya kioo na kuishi humo. Umewahi kukatwa na jani la nyasi?"

"Mara nyingi."

"Kilichokukata ndicho kioo chetu. Kiboko alikuwa akila nyasi usiku na kutushushia kioo asubuhi. Sasa hashushi. Kwa hiyo tumekuja kuchukua vya kwenu."

Wakachukua. Walianza na chimni ya taa yangu, wakaenda kwenye madirisha ya ofisi ya kijiji, kioo cha saluni, chupa za soda dukani na soda ikiwamo. Mwenyekiti Kikoti alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, katikati ya mto, koti limelowa hadi kifuani, anasoma taarifa. Wakamvua miwani. Akaendelea kusoma karatasi asiyoiona, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. Hapo nilikiri moyoni kwamba mafundi wale wana kazi nzuri.

Lakini samaki walikuwa bado wamenyoosha sahani, na hakuna kitu kinachoniudhi kama kutazamwa na mwenye njaa nami sina cha kumpa. Nikageuka ukingoni. Yule kiboko jike alikuwa amesimama pale, tumbo limetutumka kama simtanki, na nyuma yake wenzake wote wamevimba vilevile, kimya, wamebana kwa adabu.

"Basi!" nikasema. "Kunyeni. Natoa ruhusa."

"Kibao kinasema marufuku."

Nikakifuata kibao. "Ondoka hapo," nikakiambia.

"Siwezi. Nimeandikwa kwa rangi nyekundu."

"Uliandikiwa watu!"

"Hapa hapajaandikwa watu," kikasema kibao. "Mimi namhusu anayenisoma. Watu wenu miaka yote wamenianikia chupi. Hawa wamenisoma."

Nilikishika shingo nikaking'oa, nikakilaza kifudifudi kwenye matope. Kikasema kutoka humo matopeni kwamba kitakata rufaa. Nikakikanyaga.

Viboko wakaugeuzia mto migongo, wakaanza kuzungusha mikia. Sitaeleza sana. Aliyewahi kumwona kiboko akitawanya haja yake kwa mkia anajua, na asiyewahi ashukuru. Maji yakawa ya kijani. Mafundi wakarudisha chupa za soda wakipiga vifijo, wadudu wakarudi na mizigo yao kichwani, samaki wakajaza sahani. Yule perege akanenepa mbele ya macho yangu, akaniambia, "Mungu akuzidishie, mama." Kwa muda mfupi hasira ilinitoka kabisa.

Muda huo ulikuwa mfupi kweli. Nageuza shingo hivi, na Lyandola si mto tena. Ni karai. Ni karai langu mwenyewe, lile la kuoshea samaki, lina kovu pale nilipoliziba kwa bati, na viboko wote wamo ndani yake, wamebanana, pua tu ndizo zinaonekana. Nao bado wanakunya. Wafanyeje, wameshaanza.

Maji yanakuwa meusi. Yananuka mayai viza. Samaki wanapandisha midomo juu, wanahema, wanakanyagana kutafuta pumzi. Namwona perege wangu, nachovya mkono, namtoa. Namfunua shavu kwa kidole kama ninavyomfunua kila samaki anayeletwa kwangu, nione kama ni mzima. Ndani hakuna wekundu. Ni kahawia, kama chai iliyolala. Anafungua mdomo mara moja, anafia kiganjani mwangu, na sahani bado ameishika.

Nikapiga yowe. "Si ndiyo niliyosema jana? Si ndiyo hii? Wauaji nyie! Na mpigwe, nitanyoosha mikono yote miwili!"

Kwa mara ya kwanza kiboko yule naye akakasirika. Alitoa kichwa kwenye karai, na maji yakashuka yakabaki nusu.

"Mama Luseko, wewe unapika. Chumvi ya sufuria la harusi ukiimimina kwenye kikombe kimoja, utaitukana chumvi?"

Nikamshikilia perege wangu.

"Chumvi ni ileile," akasema. "Na sisi ni walewale, hatujaongezeka hata mmoja. Tazama kilichopungua."

Hapo tope la chini ya karai likatikisika, akatoka kambale, sharubu zimejaa uchafu. Alivuta hewa ya juu, akakohoa.

"Mimi napumua hewa kama ninyi," akasema, "ndiyo maana nimebaki wa kusema. Mavi yanazama, yanalala chini, yanaoza, na yanapooza yanakula pumzi iliyomo majini. Maji yakipita kila siku hakuna shida. Yanaingia na pumzi mpya, yanaondoka na mavi kidogo, kila aliye chini anapata sehemu yake. Maji yasipopita, yote yanalala hapa. Halafu siku moja yanakuja yote kwa mpigo, yanaamsha kilicholala na kukisukuma mpaka kwenu. Nanyi mkapiga vigelegele."

Sikupenda alivyovitaja vile vigelegele. Lakini nilikuwa nimemshika perege aliyekufa, na wale walioelea wiki hii walikuwa na mashavu ya rangi hiyohiyo, na midomo wazi hivyohivyo. Niliwaona kwa macho yangu. Hawakuwa wamelishwa sumu. Walikuwa wamenyimwa pumzi.

"Maji yako wapi?" nikauliza.

"Vaa viatu," akasema kiboko.

Tunapanda na mto. Mto wenyewe haupo, ni mchanga tu unaolia chini ya nyayo, na kila tukipita kwenye shimo lililokuwa dimbwi, shimo linatuuliza kama tumekutana na mtu yeyote njiani. Kiboko anajibu kila moja kwa heshima. Mimi sijibu. Nina mambo ya kusema, lakini si kwa mashimo.

Mapori aliyoyasema Mwenyekiti hatukuyaona. Tuliona banio: ukuta wa zege umeukatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, lango la chuma katikati, na pembeni mfereji mpana unaingia kwenye shamba la mpunga ambalo jicho halifiki mwisho wake. Nyuma ya lango maji yalikuwa yamekaa kwenye mabenchi, yamebanana kama wagonjwa zahanati.

"Mnafanya nini hapa?" nikayauliza.

"Tunasubiri kuitwa."

"Na nani?"

"Hatujui. Tuliambiwa tukae."

Juu ya ukuta ilisimama sanamu ya kufukuzia ndege, ile ya vijiti na matambara, ila hii ilivaa koti na tai. Ikasema yenyewe ndiyo msimamizi, na kwamba maji yale yana shughuli.

"Shughuli gani? Yamekaa!"

"Ndiyo shughuli yenyewe," ikasema sanamu.

"Kule chini samaki wanakufa. Viboko wamerundikana kwenye karai. Kijiji kizima kinakaa kupanga kuua wanyama, na maji yako hapa yamekaa!"

"Kule chini wapi? Mimi nilichomekwa nikitazama upande huu." Haikuweza kugeuka, kweli. "Hata hivyo, mama, huwa tunafungua. Mpunga ukikinai tunafungua lote, mara moja. Kijiji chenu hutushukuru."

"Nani katika kijiji chetu amewahi kuwashukuru?"

"Mwenyekiti. Huja mwenyewe. Huondoka na mchele."

Nimewahi kukasirika maishani mwangu. Nilikasirika nilipoletewa mke mwenza bila kuambiwa, nilikasirika nilipoibiwa chanja mbili mpya. Hizo zote zilikuwa mazoezi. Nilihisi masikio yanawaka. Jana nilisimama mbele ya watu nikataka mnyama mwenye mtoto apigwe risasi, na mtu aliyekuwa akinipigia makofi kutoka meza kuu alikuwa ameshiba wali wa mahali hapa.

Nikalirukia gurudumu la lango.

"Usiguse," ikasema sanamu. "Rangi mbichi."

Gurudumu lilikuwa limepakwa rangi ya bluu, linang'aa. Nililishika kwa mikono miwili, nikaweka mguu ukutani, nikavuta. Chuma kikalia. Maji yote yakasimama kwenye mabenchi.

"Kidogo," akasema kiboko nyuma yangu.

"Lote! Naling'oa lote! Yaende yote leo, wayaone!"

"Ukifungua lote, yataamsha kila kilicholala, na utawaua waliobaki. Watoto wa kambale wako kule. Mwanangu yuko kule." Aliweka pua yake yenye unyevu begani kwangu. "Mama Luseko, moto wa chanja unautiaje?"

Mtu asinifundishe moto wa chanja. Moto wa chanja unatiwa kidogo kidogo, kuni moja moja, tangu asubuhi. Ukiutia kwa hasira samaki anaungua nje na ndani anabaki mbichi, na kesho anaoza. Nimewagombeza wasichana wengi kwa kosa hilo. Nilitamani nimwambie kiboko anyamaze, nikashindwa, kwa sababu alikuwa amesema kweli na mimi sikutaka kweli wakati ule, nilitaka kuvunja.

Nikaanza kulia. Nililia kwa hasira tupu, makamasi yakanitoka. Nikarudisha gurudumu. Kisha nikalizungusha kidogo, kidogo tu, upana wa kidole chini ya lango, nikalishikilia hapo kwa nguvu zangu zote lisiende zaidi. Kulifungua kungekuwa rahisi. Kulishikilia ndiko kulikoniumiza mabega.

Tone la kwanza likaondoka kwenye benchi. Likasema, "Ahsante, mama," likapita. Likafuata la pili. Sanamu ikapaza sauti kwamba itamwambia Mwenyekiti. Nikaiambia imwambie, na isisahau jina langu.

Kiboko akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. "Samahani," akasema, akanigeuzia mgongo, mkia ukaanza kuzunguka.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshachomoza na mlangoni kulikuwa na hodi, hodi ya kweli. Nikajifunga khanga nikafungua. Alikuwa Mwenyekiti Kikoti mwenyewe, miwani usoni, viatu safi.

"Habari za asubuhi, Mama Luseko. Watu wameshakaa. Wanawake wako wanasema hawanyooshi mkono mpaka wakuone wewe, kwa hiyo nimeona nije nikufuate."

"Nzuri, Mwenyekiti," nikasema. Alinyoosha mkono kunisalimu, nami nikampa wangu.

Hakuuachia. Aliugeuza taratibu, kiganja kikatazama juu, sote wawili tukakitazama. Katika mikunjo yote ya kiganja, na chini ya kucha, kulikuwa na rangi ya bluu, bado inanata. Ilikuwa imemshika na yeye vidoleni.

Hakuniuliza rangi ile ni ya nini. Alitazama nyuma yake, akatazama njia, kisha akasema kwa sauti ya chini sana:

"Ulifika lini banioni?"

Mimi nilikuwa sijafungua mdomo zaidi ya kuitikia salamu.

"Ngoja nivae viatu," nikamwambia. "Tunakwenda pamoja, na swali hilo utaniuliza tena mbele ya watu."